Wewe Kanisa Lilikuzikia

Mhubiri alipanda basi pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, kondakta akiwa bado anakagua tiketi. Shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni, Biblia ya zipu kwapani, kispika cha kubeba mkononi. "Bwana Yesu asifiwe, abiria wenzangu!" Tukaitikia, wengine kwa sauti, wengine kwa kope tu. Akaiombea injini, akamwombea dereva, akazifunga roho zote za ajali kuanzia Kibaha hadi Mwanza, akahubiri mwana mpotevu kwa haraka, akapitisha kofia ya nauli ya mtumishi. Kibaha akashuka.

Mzee aliyekaa dirishani, pembeni yangu, alingoja mpaka mlango ufungwe. Tulikuwa tumeshasalimiana: shikamoo, marahaba, unafika wapi mwanangu, naishia Singida, haya mimi nashuka Dodoma. Sasa akanigeukia.

"Na wewe ni wa hawa?"

"Mimi ni Mkristo, mzee. Ndiyo."

"Unasali?"

"Nasali."

"Kwa nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeulizia bei ya kitu alichowahi kukinunua zamani, kikamharibikia.

Wiki kadhaa zimepita tangu safari ile na lile "kwa nini" bado halijanitoka.

## Unasali wapi?

Nimezaliwa kanisani. Shule ya Jumapili, kipaimara, kwaya ya vijana, UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo) sekondari, jumuiya kila Jumatano jioni. Katika miaka yote hiyo nimeulizwa mara zisizo na idadi unasali wapi. Mwenye nyumba anauliza kabla hajakupa ufunguo. Mama mkwe anauliza kabla hajauliza unafanya kazi gani. Ukijibu, wameshakuweka kwenye fungu lako na maisha yanaendelea.

Kwa nini unasali, hakuna anayeuliza. Mkristo mwenzako haulizi kwa sababu anadhani anajua. Jirani Mwislamu haulizi kwa sababu ana adabu. Kwetu Dar pilau ya Idi inavuka ukuta kuja kwangu, ya Krismasi inavuka kwenda kwake, na amani hiyo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kutoulizana. Siidharau hata kidogo. Wanaokumbuka mihadhara ya miaka ya themanini mwishoni na tisini, viwanjani, watu wakirushiana aya kwa vipaza sauti, wanajua kwa nini wazazi wetu walitufundisha kusema "mambo ya dini tuyaache".

Lakini nadhani tuliyaacha hata pale tulipoombwa tuyaseme.

UKWATA walitufundisha kushuhudia. Jumamosi tulitoka wawili wawili, nyumba kwa nyumba, tukiwa na aya zetu kwenye vidole: Warumi 3:23, kidole gumba, 6:23, cha shahada, 5:8, kisha 10:9, na hapo unafumba macho na kumwongoza mtu sala ya toba. Sizicheki Jumamosi zile. Ila nikikumbuka vizuri, mtu wa upande wa pili hakuwa na kazi kubwa katika mazungumzo yetu. Kazi yake ilikuwa kusema ndiyo au hapana, na sisi tulijua mwisho kabla hajatufungulia mlango.

Basi nikaanza na kidole gumba.

"Mzee, Biblia inasema, kwa sababu wote wamefanya dhambi…"

"…na kupungukiwa na utukufu wa Mungu," akamalizia yeye, akitazama minazi ya Mlandizi. "Mwanangu, mimi nimeimba besi miaka mingi kuliko umri wako. Hayo nayajua. Nimekuuliza wewe."

## Kadi

Kutoka Chalinze hadi Morogoro ni yeye aliyezungumza.

Mkewe aliugua muda mrefu. Ugonjwa ule ulikula ng'ombe kwanza, ukala shamba la bondeni, ukala akiba, na njiani ukala ahadi ya kanisa, ile sadaka aliyoahidi kutoa. Bahasha za sadaka zilikaa kabatini bila kitu ndani. Siku mama alipofariki, shemeji mtu akatumwa kanisani kutoa taarifa. Akarudi na jibu kwamba kadi yao ya michango imeangaliwa: ahadi haijalipwa, mchango wa jengo haujalipwa, kwa hiyo kengele haitapigwa na mwinjilisti hatakuja. Familia inaweza kuomba yenyewe.

"Nikaomba mwenyewe," alisema. "Nilikuwa na kitabu changu cha ibada. Nikavaa koti. Nikasimama kichwani pa kaburi la mke wangu, nikasoma mavumbi kwa mavumbi. Sauti ikaniishia katikati. Mtoto wangu akapokea kitabu, akamalizia."

Kaburi lilichimbwa na majirani, wengi wao Waislamu. Aliongeza hilo bila mkazo wowote: "Hao hawakuuliza kadi."

Msomaji wangu Mtanzania hahitaji kuambiwa kwamba jambo hili lipo. Halipo kila mahali, na najua wachungaji ambao wangekopa nauli kwenda kumzika mtu waliyemwona mara moja tu. Lakini lipo, na tunalijua, na tunalizungumza uani baada ya msiba, kwa sauti ya chini, halafu Jumapili tunaimba.

Basi likaingia Msamvu. Kondakta akapiga kelele, "Dakika kumi, kuchimba dawa!" Mzee akashuka, akarudi na soda mbili na biskuti, akanipa moja moja. Nilitamani sana tubadilishe mada. Kulikuwa na mada nyingi nzuri: reli mpya, bei ya mahindi, joto. Kwa adabu zetu ningesema tu "pole sana mzee, Mungu yupo", naye angesema "ahsante", na hakuna ambaye angetulaumu.

Tatizo ni kwamba ninayo sababu. Ile "kwa nini" yake ina jibu, na jibu lenyewe ndilo lililonitia hofu.

## Sababu yangu

Baba alipofariki nilikuwa kidato cha tatu. Sikuwa na imani ya kujivunia. Nilienda kanisani kwa sababu nyumbani walienda. Usiku ule wa kwanza wanajumuiya walikuja wakiwa na mikeka na masufuria. Waliimba mpaka alfajiri, tenzi moja baada ya nyingine, na kila nilipoamka kwenye usingizi wa machozi bado kulikuwa na mtu anaimba. Kuna mama mmoja, muuza vitumbua, ambaye sikuwahi kumsalimia vizuri. Alikaa nami sakafuni usiku kucha akiwa ameushika mguu wangu. Mguu, siyo mkono. Nadhani ndio uliokuwa karibu. Hakuniambia Mungu ana makusudi. Hakusema neno lolote. Karibu na mapambazuko nilijikuta nazungumza na Mungu kwa maneno yangu, kwa mara ya kwanza, na nilikuwa na hakika ananisikia. Hakika hiyo imewahi kufifia. Kuzimika haijazimika.

Hiyo ndiyo sababu yangu. Hakuna kidole chake.

Na sasa niambie, utamwambiaje hivyo mtu ambaye kanisa lilikataa kuja kwake? Kilichonileta mimi kwa Kristo ni kile kile alichonyimwa yeye. Kunyamaza kungekuwa upole, au kungefanana na upole. Kusema kulikuwa hatari ya kumtonesha.

Tukaipita Dumila kimya. Halafu nikasema. Nilisema vibaya, kwa kurudi nyuma na kujirekebisha, bila aya hata moja, na nilimwambia tangu mwanzo kwamba najua inaweza kumuuma.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa polepole.

"Basi wewe kanisa lilikuzikia," alisema. "Mimi nilizika."

## Aliyeshuka Kibaha

Nimemfikiria sana yule mhubiri wa basi, na sitaki kumwonea. Kupanda gari la watu sitini wanaokunja uso, ukajua wapo watakaokurekodi na kukucheka mtandaoni, kunahitaji moyo. Ninao marafiki waliookoka kwa mahubiri ya namna hiyo, mmoja akiwa amelewa.

Lakini spika ina faida moja ambayo hatuisemi: haijibiwi. Ukiwa nayo mkononi, hakuna atakayekukatisha akuambie nimeimba besi miaka mingi kuliko umri wako. Ukimaliza, unashuka. Mzee wa watu anabaki na kaburi lake mpaka Dodoma, na aliyebaki naye ni jirani wa kiti, asiye na shati jeupe.

Tangu niliporudi nimekuwa nikisoma upya habari za watu tulioambiwa kwamba ni majasiri, nikitafuta kama nao walikuwa na spika. Wengi hawakuwa nayo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo homa ikamuua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kaburi liko Nyali. Krapf akabaki. Mwaka 1846 akaja mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, wakajenga misheni Rabai, na kwa miaka waliyokaa pale waongofu walikuwa wa kuhesabika. Wa kwanza anayetajwa ni Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa anakaribia kufa. Mtu mmoja, mgonjwa, asiyeweza kwenda kuleta wengine. Mhazini yeyote angeuliza maswali.

Au Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda aliyekwenda Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Nyumba yake ilichomwa moto. Akasingiziwa kifo cha dada yake chifu Tabaro, akafungwa. Alipoachiwa akarudi Mboga kwa watu walewale, na Tabaro mwenyewe baadaye akabatizwa. Apolo alifia hukohuko mwaka 1933, na alitaka azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambako kazi ilikuwa bado.

Kinachonivuta kwa hawa ni kubaki kwao. Kuongea, wengi wanaweza.

## Walioomba kwa sababu hawakuwa nao

Tunapohubiriwa juu ya ujasiri, tunapelekwa Matendo 4: Petro na Yohana mbele ya baraza, watu wasio na elimu, wakubwa wanastaajabu. Mahubiri mengi yanaishia hapo. Endelea kusoma. Walipoachiliwa walikwenda kwa wenzao, wakaeleza vitisho vyote, na kanisa zima likaomba lipewe kunena neno kwa ujasiri wote. Mtu haombi alichonacho. Petro yuleyule aliyetoka kulishangaza baraza, punde tu yuko na wenzake anaomba asiogope.

Paulo naye. Aliwaambia Wakorintho waziwazi kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Na ndiko huko Korintho, usiku, Bwana alikomwambia, "Usiogope, bali nena, wala usinyamaze." Mtu asiyeogopa angeambiwa hivyo kwa nini?

Nimekulia kwenye makanisa ambamo hofu ni ya kukemewa. Una hofu? Toka, jina la Yesu! Sijawahi kuona hofu yangu ikitoka hivyo. Mle ndani ya basi haikutoka. Tulisafiri sote watatu, mimi, mzee na hofu, mpaka Dodoma.

Aya tunayoipenda zaidi kuhusu kushuhudia ni ya Petro: tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu. Hiyo aya inaanzia kwa anayeuliza. Inamalizikia na "kwa upole na kwa hofu". Sehemu hiyo ya mwisho UKWATA hatukuwa na kidole chake.

## Bibi na kanga

Bibi yangu mzaa mama, wa Bukoba, alikuwa mtu wa Uamsho, ule mwamko wa Wakristo wa Afrika Mashariki. Uamsho ule ulianzia Rwanda na Uganda. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Kampala na daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Joe Church, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na miaka ya thelathini moto ukasambaa mpaka Bukoba na Kenya. Siku hizi tunawakumbuka kwa nyimbo na kwa ile "nimeokoka, nampenda Yesu". Majirani zao waliwakumbuka kwa jambo jingine: walirudisha vitu. Mtu aliamka asubuhi akaenda kwa aliyemwibia akasema, nilikuibia, hiki hapa. Walilipa madeni ambayo hakuna aliyekuwa anayadai tena.

Bibi alirudisha kanga. Aliichukua kwa mama aliyemfanyia kazi akiwa msichana, na alipookoka ilikuwa imeshachakaa, kwa hiyo alinunua mpya, akatembea nayo mpaka kule, akaitoa. Yule mama hakuwa hata amegundua kwamba ilipotea. Alicheka, kisha akauliza, "Nani amekutuma?" Bibi alituhadithia hilo swali kila Krismasi, na kila Krismasi alisita kidogo kabla ya kutuambia alivyojibu.

Ushuhuda wao ulianza na deni lililolipwa na aliyeokoka. Ushuhuda wa kadi ya marehemu, sijui tuuite nini.

## Angezika?

Karibu na Gairo mzee aliniuliza swali jingine.

"Huyo Yesu wako. Angezika?"

Nilifikiri haraka. Kisha nikakumbuka Naini, Luka 7. Mjane anakwenda kumzika mwanawe wa pekee. Yesu hajaitwa. Hajaombwa kitu, yule mama hasemi neno hata moja katika habari yote ile. Anamwona, anamhurumia, anakwenda, analigusa jeneza, na waliolichukua wanasimama.

"Hakuuliza kadi," alisema mzee.

"Hakuuliza."

"Lakini huyo alimfufua. Wangu hajafufuliwa."

"Hapana, mzee."

Sikuongeza. Nilikuwa na ya kuongeza, kuhusu siku ya mwisho, na ninayaamini. Lakini yeye aliyasoma kwa kinywa chake mwenyewe juu ya lile kaburi mpaka sauti ikamwishia, na sikuona kwamba anahitaji kuyasikia kwangu.

Baadaye sana, Dodoma ikiwa imekaribia, aliniomba nimwandikie mahali habari ile ilipo. Nikaandika nyuma ya tiketi yake: Luka 7, mstari wa 11 mpaka 17. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, akasema miwani ameiacha, mjukuu atamsomea. Akaikunja akaitia mfuko wa koti. Akanibariki, kwa maneno ya mtu aliyewahi kubariki watu, akashuka.

Sijui kama mjukuu alisoma. Watakaoniuliza "kwa hiyo aliokoka?", na mmoja wenu ameshaniuliza, jibu langu ni hilo.

## Mengineyo

Kilichonisumbua baada ya hapo sikukitarajia. Nilidhani nitarudi Dar nikiwa na hamu ya kuwashuhudia watu wa nje. Nilirudi nikishindwa kuitazama bahasha yangu mwenyewe, yenye namba, kwa sababu usharika wetu nao una utaratibu. Maneno ni laini zaidi: "mshirika asiye hai kiutoaji". Maana yake mnaijua.

Nikalisema kwenye jumuiya. Mikono ilinitetemeka kuliko ilivyotetemeka kwenye basi. Mzee wa Dodoma sitamwona tena, hawa ni watu wa kila Jumatano. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, mama wa watu, akasema pelekeni kwa mchungaji. Mchungaji akanisikiliza vizuri, akamwita mhazini.

Mhazini siyo mtu mbaya. Alinionyesha hesabu: mshahara wa mwinjilisti, umeme, fungu linalopanda dayosisi, majeneza ambayo usharika umenunulia familia zisizo na kitu, tena zaidi ya nilivyodhani. "Tukiondoa kadi," aliniambia, "watatoa wale wale wachache, na wengine watakuja siku ya msiba tu. Kanisa haliendeshwi kwa amina, dada yangu." Kwa sehemu fulani ya hoja hiyo sina jibu, na nilimwambia hivyo.

Nikamwambia pia kuhusu mzee, koti lake, na kitabu cha ibada.

Akavua miwani. "Alikuwa anadaiwa kiasi gani?"

Sikumwuliza mzee, na nilimwambia sikumwuliza. Mchungaji akaandika kitu kwenye daftari lake. Swali limeingia kwenye ajenda ya baraza la wazee la mwezi ujao, chini ya mengineyo, baada ya paa la nyumba ya mchungaji. Nimeomba nilizungumze mwenyewe, nao wamekubali, dakika tano.